Ya Kwako, Mwalimu

Mke wangu alifika Lodwar Ijumaa moja ya Januari, mwaka wa 2013, akiwa na begi la nguo, gunia dogo la viazi na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya mpira. Ndani ya mfuko huo mlikuwa na bahasha kumi na mbili kutoka benki. Zote zilikuwa na jina langu, na hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa.

"Barua zako hizi," alisema akizitupa kitandani. "Nimechoka kuzihamisha kila nikifagia."

Nilipochukua kadi ya mkopo, tulikuwa bado tunaishi Kitale pamoja, kwa hiyo benki niliipa sanduku letu la posta la huko. Muda si mrefu nikahamishiwa Turkana kufundisha elimu ya watu wazima. Bahasha ziliendelea kwenda Kitale, naye aliendelea kuzichukua posta na kuziweka ndani ya kopo la biskuti. Nilimuuliza kwa nini hakuzifungua. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuiba.

"Kwani zina jina langu?"

Yeye hakuja kwa ajili ya bahasha. Alikuja kuangalia nyumba; mtoto wetu alimwacha kwa jirani. Nilipohamishwa nilimwambia, "Nipe mwaka mmoja tu, nitatafuta nyumba, uje na mtoto tukae pamoja." Mwaka ulikuwa umekwisha. Yeye ni fundi cherehani, na mkataba wa kibanda chake sokoni Kitale ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo. Mwenye kibanda alikuwa na mtu mwingine aliyekitaka, akamwambia wazi: nataka jibu Jumanne jioni. Akisema anaondoka, kibanda kinakwenda, na kibanda kizuri cha sokoni kikishakwenda hakirudi.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakasirika, tulipanda bodaboda kwenda Kanamkemer kuangalia vyumba viwili nilivyokuwa nimevitafuta. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiturkana mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya mto.

"Ejok?" alitusalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," mke wangu akajibu, kama nilivyomfundisha njiani.

"Ee! Huyu amekuja kukaa," yule mama akaniambia. "Wewe umekaa mwaka mzima na bado unaniambia habari ya asubuhi."

Mke wangu alivipima vyumba kwa futi yake ya kushonea. Alipofika dirishani alisimama, akatoa chaki ya buluu ya fundi mfukoni na kuchora ukutani mstari wa upana wa cherehani, na mwingine mdogo pa kuweka kiti. Mwanga ulikuwa unaingia vizuri pale.

"Mama, unanichorea ukuta na hujalipa?"

"Nitakufutia."

"Wacha. Ukilipa, ukuta wako. Usipolipa, nitapaka chokaa."

Malipo yenyewe yalikuwa kodi ya miezi mitatu mbele, elfu nne kwa mwezi. Elfu kumi na mbili. Tulipokuwa tunarudi, mke wangu akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, aliniuliza sikioni, "Zipo?"

Nilisema, "Tutaona." Mtu aliyeishi nami miaka saba anajua maana ya "tutaona".

Hakunigombeza. Alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta wa chumba kimoja nilichokuwa nimepanga, akaniambia nilete ule mfuko. "Mshahara unaujua, na mimi naujua," alisema. "Hebu tuone ulikokwenda."

Naomba nieleze hapa kidogo, kwa sababu huenda nawe una bahasha za namna hii mahali, na unaziogopa. Usiziogope. Taarifa ya kadi ni karatasi rahisi kuliko inavyoonekana. Upande wa kushoto kuna tarehe. Katikati kuna mahali kadi ilipotumika. Kulia kuna kiasi. Chini kabisa kuna namba mbili: deni lote, na kiasi cha chini unachotakiwa kulipa mwezi huo. Kinachobaki ni majina magumu ya vitu vyepesi. Anza na bahasha ya zamani kabisa, shika penseli, na kwa kila mstari ujiulize swali moja tu: hapa nilinunua nini? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha wengine, na wengi wao waliweza.

Mke wangu alifungua bahasha zote kwa mkasi wake, akazipanga kwa miezi kama vipande vya gauni kabla ya kuunganishwa. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo kanisani.

"Lodwar, mashine, elfu moja. Lodwar, mashine, elfu mbili. Lodwar, mashine, elfu moja. Kakuma, mashine, elfu moja na mia tano." Akageuza karatasi. "Lodwar, mashine. Lodwar, mashine. Mwalimu, hii barua haina maneno mengine?"

Haikuwa nayo. Wakati ule Lodwar sikujua duka lolote ambalo ungeweza kulipa kwa kadi. Muuza maji hana mashine ya kadi, wala mama wa kuuza samaki, wala dereva. Kwa hiyo kadi yangu nilikuwa nikiipeleka kwenye mashine ya benki ukutani, natoa noti, kisha nakwenda kununua kwa noti. Watu wa Nairobi wakisoma karatasi zao wanaona jina la duka, jina la hoteli, jina la petroli. Yangu iliandika Lodwar, Lodwar, Lodwar, kama mtu anayeulizwa alikuwa wapi na anajibu tu, nje.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikulijua, na nalisema ili wewe ulijue. Ukilipa dukani kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida wanakupa siku kadhaa kabla ya riba kuanza. Ukitoa noti kwenye mashine kwa kadi hiyo hiyo, unatozwa ada papo hapo, na riba inaanza kuhesabu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimetoa noti mara thelathini na tisa.

"Na hii ya chini je?" mke wangu aliuliza. "Kiasi cha chini. Ulikuwa unalipa?"

"Kila mwezi!" nilisema kwa fahari. "Sikukosa hata mwezi mmoja." Benki ilikuwa inanitumia ujumbe kwenye simu: kiasi cha chini ni hiki, lipa kabla ya tarehe hii. Nami nililipa, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Hakunicheka bado. Alichukua penseli akajumlisha pembeni mwa bahasha, na hesabu yake huwa haikosei, kwa sababu anayekosea hesabu ya kitambaa hulipa kitambaa. Nilikuwa nimetumia elfu hamsini na tano. Nilikuwa nimelipa, kidogo kidogo, elfu kumi na saba. Ada na riba zilikuwa zimefika elfu ishirini. Malipo yangu ya mwaka mzima hayakutosha hata kulisha riba, na deni lilikuwa elfu hamsini na nane.

"Sasa ulikuwa unalipa nini?"

Kivuli kilikuwa kimetuacha, tukasogeza mkeka.

Tulijaribu kukumbuka. Nataka kuwa mkweli kwamba nilijaribu sana. Kila Jumanne nilikuwa nakwenda Kakuma kufundisha, na ofisi ilikuwa na utaratibu wa kukuambia utangulize nauli yako, utarudishiwa. Kurudishiwa kulichukua miezi mitatu, minne, na pesa zilipoingia ziliingia pamoja na mshahara zikapotelea humo kama maji ndani ya mchanga. Kwa hiyo baadhi ya Lodwar zile zilikuwa nauli. Nyingine zilikuwa mitungi ya maji. Nyingine ilikuwa feni, mwezi wa Machi, na feni yenyewe ilikuwa pale mlangoni ikitupulizia upepo wa moto. Mke wangu alipiga mstari wa chaki kwa kila tulilolijua. Karatasi zilibaki nyeupe kwa sehemu kubwa.

"Na hizi mia tano mia tano zinazojirudia? Zilikwenda wapi?"

"Za kadi ya simu," nilisema. "Nilikuwa nakupigia."

Akaiweka chaki chini. Halafu akasema, "Kumbe mimi ndiye nimeila nyumba."

"Si hivyo."

"Kila siku mpaka simu inaunguza sikio. Nikikwambia kata utapiga kesho, unasema bado ipo, bado ipo." Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

Mwezi wa Agosti ulikuwa na mstari mmoja usiokuwa wa mashine. Ulikuwa wa supamaketi ya Kitale, elfu sita na mia nane. Aliutambua kabla yangu. Nilipokwenda likizo niliwanunulia blanketi, chupa ya chai na viatu vya mtoto. Blanketi lile aliwaonyesha majirani wote.

"Bado tunalilipia?"

"Kidogo."

"Mtoto ameshalitoboa."

Kisha tukafika Juni. Kakuma, mashine, elfu kumi na mbili. Mara moja, siku moja.

Hiyo niliikumbuka bila kufikiri. Katika darasa langu la Kakuma, ndani ya kambi, nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa Sudan Kusini mwenye duka la unga na sukari. Mwaka ule mvua ilinyesha mbali, maji yakashuka kwa ghafula kupitia laga, ule mto mkavu unaopita karibu na maduka, yakaingia dukani mwake na kugeuza unga wote uji. Alikuja darasani akakaa kimya nyuma. Aliponieleza, nilitoka naye mpaka kwenye mashine, nikatoa elfu kumi na mbili, nikampa. Hakuomba. Nami tangu siku ile sikumdai, kwa sababu niliona aibu kumdai mkimbizi.

"Ziko kwake!" nilimwambia mke wangu. Nilisimama kabisa. "Elfu kumi na mbili kamili! Ndiyo kodi ya mama wa Kanamkemer!"

"Miezi saba hajakulipa hata shilingi?"

"Hajapata nafasi. Lakini ni mwaminifu sana. Huyo ndiye yule ninayekusimulia kwamba hunipa zawadi. Jumanne twende wote, nitamwomba kwa upole. Duka sasa limesimama vizuri."

Mke wangu aliichukua karatasi ya Juni akaizungushia mstari ule duara la chaki, akaikunja na kuitia ndani ya pochi yake. Siku mbili zile tuliishi vizuri. Alipika viazi. Jumapili baada ya kanisa tulipitia tena Kanamkemer, akachungulia dirishani kuona kama mistari yake bado ipo. Ilikuwepo.

Jumanne tuliondoka Lodwar alfajiri kwa Land Cruiser la abiria, na kufikia saa nne tulikuwa Kakuma. Darasa langu lilikuwa kibanda cha mabati chenye mabenchi sita na ubao, na siku hiyo ndiyo tulikuwa tunafungua tangu likizo ya Desemba. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kufika, wengi wao wachuuzi: Wasudani, Wakongo wawili, Msomali mmoja muuza maziwa. Walisimama wote kumwamkia mke wangu. Yule mama wa duka alimshika mikono yote miwili.

"Huyu ndiye mama ya nyumba? Mwalimu anasema wewe kila Jumanne. Mpaka sisi tunajua wewe unashona kola namna gani."

Nilimvuta pembeni, na mke wangu akaja. Nilianza mbali, kama anayemweleza mtoto kuhusu kifo. Nikasema habari za nyumba, habari za kodi, habari za kibanda cha Kitale. Nikasema najua biashara ina kupanda na kushuka. Nikasema kama angeweza, hata kama si zote leo, zile za Juni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri utani uishe.

"Za Juni gani?"

"Elfu kumi na mbili. Za unga."

"Mwalimu," alisema, "mimi nimelipa."

Alipekua kikapu chake akatoa daftari la kurasa tisini na sita, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Nililijua daftari lile. Mimi ndiye niliyewafundisha kulipiga mistari: safu ya tarehe, safu ya imeingia, safu ya imetoka. Alifungua ukurasa mmoja, akauweka mbele ya mke wangu, si mbele yangu. Juu aliandika kwa herufi kubwa, MWALIMU. Chini yake kulikuwa na Jumanne ishirini na nne. Kila Jumanne, mia tano. Mwisho, Desemba, alipiga mistari miwili kama nilivyofundisha, akaandika SIFURI.

Mke wangu alishuka na kidole, mstari kwa mstari. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Ulimpa mkononi?" aliuliza.

"Mkononi. Kila Jumanne, darasa ikiisha. Nakunja, naweka kwa mkono, nasema, 'Ya kwako, mwalimu.'"

Nilizisikia sauti zote ishirini na nne kwa mara moja. Ya kwako, mwalimu. Noti iliyokunjwa mara nne, ikiwa bado na joto la kiganja. Nami ningesema, "Aa, mama, si lazima," naye angesema, "Lazima," nami ningecheka na kuipokea. Nilidhani ni shukrani ya mwanafunzi. Nilipokulia, watu wazima wakijua kusoma humletea mwalimu kuku, au ndizi, au kitu kidogo kilichofungwa kwenye leso. Nilimpigia mke wangu simu, kwa salio la mia tano, kumsimulia jinsi wanafunzi wangu wanavyonipenda. Na kwa kuwa niliona si vizuri kula zawadi ya mkimbizi peke yangu, kila Jumanne niliichukua noti ile nikanunulia darasa zima kreti ya soda.

"Nilidhani ni zawadi," nilisema.

"Zawadi?" Alimgeukia mke wangu. "Mimi nasema ya kwako. Ya kwako ni ya nani?"

"Ni yake," mke wangu alisema.

"Kwa nini mimi nikupe zawadi kila Jumanne, wewe ni bwana harusi? Na wewe unasema si lazima, si lazima. Mimi nasema kwa roho, huyu mtu ni mzuri, anadai na adabu." Kisha akanitazama vizuri, na nadhani hapo ndipo aliponihurumia. "Mwalimu. Wewe hukuandika?"

Wale waliokaa benchi la mbele walikuwa wamesikia. Msomali wa maziwa alijifunika mdomo kwa kitambaa. Mkongo mmoja akasema, "Mwalimu anafundisha ya wengine," na kicheko kikapita kibandani, kicheko kisicho na ubaya wowote, na hicho ndicho kigumu zaidi kukivumilia. Mke wangu naye alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa mabati akauachilia kwa sababu ulikuwa unaunguza. Halafu akafuta macho kwa ncha ya leso, na aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Yule mama alifunga daftari lake. "Dada," alimwambia taratibu, "kama ni shida, mimi naweza kukopesha mwalimu. Kidogo. Mia tano, mia tano."

"Asante, dada yangu," mke wangu alisema. "Huyu tusimkopeshe tena."

Alitoa simu, akaitazama; mwenye kibanda wa Kitale alikuwa akingoja jibu jioni ile. Ndani ya kibanda hakukuwa na mtandao. Akaniuliza mtandao unapatikana wapi, nikamwonyesha penye jiwe, hatua kama mia moja, karibu na bomba la maji. Nilitaka kumwambia asubiri jioni. Nilitaka kumwambia nitamwona mama wa Kanamkemer, nitamwomba apokee mwezi mmoja kwanza, nitaandika barua kwa ofisi kuhusu nauli za Oktoba. Maneno yote haya yalikuwa mdomoni, na yalikuwa na sauti ya "tutaona".

"Fundisha," aliniambia. "Wamekuja mbali."

Nikafundisha. Nilipiga mstari katikati ya ubao. Upande mmoja nikaandika imeingia, upande wa pili imetoka. Nilieleza, kama nilivyoeleza mara nyingi, kwamba mtu asitegemee kichwa chake, kwamba kichwa hukumbuka kinachokifurahisha. Nilieleza vizuri. Niliona nyuso zikielewa. Na kila nilipogeuka kutoka ubaoni nilimwona mlangoni, mbali, amesimama juu ya jiwe na mgongo kwetu, mkono mmoja umeziba sikio kwa sababu ya upepo.

Sikuweza kusikia, lakini sikuhitaji. Miaka saba nimemwona akizungumza na wateja. Kuna namna anavyoinamisha kichwa mara mbili, kitambaa kilicholetwa kikiwa hakitoshi gauni na mteja akikubali sketi. Aliinamisha kichwa mara mbili. Kisha akashusha simu akabaki amesimama pale kwa muda, akiangalia upande usiokuwa na kitu.

Aliporudi, wanafunzi walisogea wakampa nafasi benchi la nyuma, karibu na mama wa duka. Aliketi. Nilimuuliza kwa macho.

"Mwaka mwingine," alisema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote. Kisha akamwomba jirani yake karatasi moja ya daftari, na penseli, akaipiga mstari katikati kama ule wa ubaoni.

Nikarudi ubaoni. Nilikuwa nimesahau nilipoachia. Mikono yangu ilikuwa na chaki mpaka kwenye viwiko, na joto la mabati lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vichwa vyetu.

"Mwalimu," Msomali wa maziwa aliita kutoka mbele, "leo soda hakuna?"

Darasa zima likanitazama, na mke wangu pia, penseli mkononi.

"Leo hakuna," nilisema.

Nilimwona akiandika.